Mshipi Mwembamba

Maji ya bamvua yanapojaa upande wa mashariki ya Unguja, kati ya Paje na Makunduchi, bahari huja kwa hatua. Kwanza hujaza vijito vilivyochimbika mchangani, kisha hufunika mashamba ya mwani ya akina mama, halafu huzinyanyua ngalawa zilizolala ubavu, moja baada ya moja, kama mama aamshaye watoto. Ng'ambo ya maji hayo mafupi umesimama mwamba unaovunja mawimbi ya bahari kuu, na ngurumo yake hufika kijijini usiku kucha. Wenyeji wamekwisha izoea hata hawaisikii. Huitambua siku inaponyamaza.

Katika kijiji kimoja cha mwambao huo aliishi mzee mmoja aliyevua kwa mshipi kwa zaidi ya miaka 50. Hakumiliki nyavu. Madema aliyatega ujanani, akayaacha. Ngalawa yake ilikuwa ya watu wawili, na zana zake zote zilienea katika kikapu kimoja cha ukili: mishipi mitatu iliyozungushwa kwenye vibao, ndoana chache zilizochomekwa katika kipande cha kandambili, machubwi madogo ya risasi, kisu, na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli wa kuvika kidole. Kijijini waliujua mshipi wake kwa wembamba wake. Wengine walivua kwa uzi uwezao kumvuta mtu kutoka kisimani; wa mzee haukuzidi unene wa nusu milimita. Wako waliousifu na wako walioucheka.

Sababu ya wembamba huo ni maji yenyewe. Juu ya mwamba mfupi, penye pima tatu au nne tu, mwanga hufika chini na samaki huona. Uzi mnene humtisha, na chubwi zito huangusha chambo kama jiwe lililotupwa, jambo ambalo hakuna mdudu wa baharini afanyalo. Chambo kinachokwenda na uzi mwembamba na risasi ndogo hushuka polepole, kikiyumba na mkondo, kama kipande cha ngisi kilichoponyoka mdomoni mwa mkubwa. Kwa hiyo mzee alizipenda siku za maji mafu, ambapo mkondo ni dhaifu na risasi ndogo hutosha, na ambapo asubuhi maji huwa yanajaa taratibu na samaki hupanda mwambani kutafuta riziki. Siku za bamvua wenzake walipohangaika na mikondo, yeye alishona tanga au alilala.

Iko sababu ya pili, ambayo hakuisema mara nyingi. Uzi mwembamba husikia. Mvuvi wa mshipi mnene hujua tu kwamba kuna kitu au hakuna. Mvuvi wa mshipi mwembamba hujua kama chubwi limetua kwenye mchanga, kwenye nyasi au kwenye tumbawe. Hujua kama anayedokoa ni samaki mdogo mwenye tamaa au mkubwa anayepima. Ncha ya kidole cha shahada hufanya kazi ya jicho.

Samaki aliowafuata ni wa jamii ambayo kamusi zetu nyingi hutosheka kuieleza kwa maneno matatu: aina ya samaki. Lakini dikoni hakuna samaki aitwaye aina ya samaki. Yuko tembo, mwenye mistari ya manjano na doa jeusi ubavuni kuelekea mkiani. Yuko janja, wa manjano mwenye michirizi minne ya buluu, ashindaye mchana katika kundi kando ya jiwe na kutawanyika usiku kwenda kula. Yuko kungu, mwekundu wa kiza, mwenye meno ya mbele kama ya mbwa, bwana wa shimo lake. Na yuko changu, ambaye wataalamu wamempa ukoo mwingine, ingawa katika sufuria huwa ndugu yao. Anayetafsiri kitabu cha kigeni cha uvuvi na kuweka "changu" kila anapokutana na samaki wa namna hii huwa ameukusanya mtaa mzima katika nyumba moja.

Majina ya kisayansi ya samaki hawa nayo yana safari yake. Mwaka 1761 mfalme wa Denmaki alituma msafara wa wataalamu kwenda nchi za Waarabu, na miongoni mwao alikuwamo Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus. Alikusanya samaki katika pwani za Bahari ya Shamu, na mara nyingi aliandika jina lile lile alilolisikia kwa wavuvi wenyewe. Mwaka 1763 alifariki kwa homa huko Yemen. Carsten Niebuhr, aliyerudi peke yake katika msafara mzima, ndiye aliyevichapisha vitabu vya mwenziwe mwaka 1775. Hivyo hadi leo kungu huitwa na wataalamu wa dunia nzima *bohar*, janja huitwa *kasmira*, na changu mmoja mwenye doa huitwa *harak*. Ni maneno ya wavuvi wa Kiarabu ambao majina yao wenyewe hakuna aliyeyaandika. Neno la mvuvi lilidumu kuliko mvuvi, na lilidumu kwa sababu mtu mmoja alikaa ufukweni akauliza na kusikiliza.

Mzee hakujua habari ya Forsskål, lakini alijua kwamba ujuzi usioulizwa hufa na mwenyewe. Alijua mawe saba. Kila jiwe lilikuwa na samaki wake, wakati wake wa maji na upepo wake, kwani jiwe linalovulika wakati wa kaskazi huenda lisifikike wakati wa kusi. Kila moja lilikuwa na alama zake. Alama moja ni njia. Alama mbili ni mahali. Mvuvi hutazama nchi kavu na kukifunika kitu cha mbele juu ya kitu cha nyuma, mnazi juu ya paa, au mbuyu juu ya ncha ya rasi, kisha hutafuta jozi ya pili upande mwingine. Mistari miwili inapokatana, hapo huangusha nanga.

Jiwe lake bora lilikuwa karibu na mlango wa bahari, na jina lake halitatajwa hapa kwa kuwa mwenyewe hakupenda litajwe. Alama yake ya kwanza ilikuwa upande wa kusini, ncha ya rasi ikiachana kidogo tu na mti ulio nyuma yake. Ya pili ilikuwa upande wa magharibi: mnazi mrefu uliopinda shingo, ukikaa sawasawa juu ya mnara wa msikiti. Alama hizo alionyeshwa na baba yake, na baba yake alionyeshwa na mjomba wake.

Kisha macho yakaanza kumtoka. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba dawa ingechelewesha kilichobaki lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Mzee alisikiliza, akashukuru, akarudi nyumbani, na siku ya pili akamwita mjukuu wake, kijana wa miaka 14.

"Kuanzia Jumamosi utakwenda nami," alisema. "Macho yatakuwa yako, mkono utakuwa wangu, mpaka mkono nao uwe wako."

Baba wa kijana hakufurahi. Yeye mwenyewe alikuwa baharia wa juya, akivua na kundi la watu wengi na kugawana mapato, na siku nyingine aliwachukua wageni kwenda kuogelea na kutazama matumbawe. Alikuwa na watoto watano na hoja iliyosimama.

"Baba," alisema kwa adabu, "samaki wanane kwa siku ni kitoweo, si kazi."

"Kitoweo hicho ndicho kilichokulea, mwanangu."

"Kweli, baba. Lakini wakati ule samaki walikuwa wengi, na shule haikuwa na gharama hizi."

Mzee hakuwa na jibu la hilo, maana lilikuwa kweli. Alikuwa ameushuhudia mwaka 1998, maji yalipopata joto lisilo kawaida na matumbawe yakawa meupe kama mfupa katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, na aliona tena mwaka 2016. Alikuwa ameona nyavu za kukokota zikipita juu ya mwamba na kuacha vifusi. Alijua pia kwamba tembo anayevuliwa mwambani hakuzaliwa mkubwa: udogo wake huupitisha katika nyasi za bahari na mikoko, kama ile ya ghuba ya Chwaka, na anayekokota huko huvua mtama ungali mche. Kuhusu kungu, wataalamu wameona kwamba anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Yule bwana wa shimo huenda alikuwako mwambani kabla baba wa kijana hajazaliwa. Mzee alikuwa na kawaida ya kumrudisha majini kila samaki asiyeufikia urefu wa kiganja na vidole vilivyonyooshwa, naye hakuwahi kumhubiria mtu juu ya jambo hilo. Alilifanya tu, na watu wakaliona.

Walikubaliana kwa siku za mapumziko ya shule. Miezi ya mwanzo kijana alijifunza mawe manne. Alijifunza kukata ngisi vipande vyembamba vinavyocheza majini, kumwaga makombo machache ya chambo juu ya mkondo ili samaki waje na si washibe, na kutoikaza nanga juu ya tumbawe bali kuiweka mchangani na kuilegeza kamba mpaka chombo kifike. Alijifunza kwamba kungu akishika, mambo yote huamuliwa katika pima ya kwanza, kwa kuwa atageuza kichwa na kukimbilia shimoni, na mshipi ukigusa jiwe umekwisha. Kwa uzi mwembamba huwezi kumzuia kwa nguvu. Humpa kidogo, humkataza kidogo, huku kidole chenye mpira kikipima uzi unataka kusema nini. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, wamesema wahenga, lakini jiwe halihitaji papo kwa papo kuukata uzi. Mara moja humtosha.

Jiwe bora mzee aliliweka la mwisho. Akalikawiza mno.

Katika mwaka huo kiwanja cha ufukweni kiliuzwa. Aliyeuza aliuza kihalali, aliyenunua alinunua kihalali, na minazi iliyokuwamo ililipiwa. Hoteli ilianza kujengwa, na siku moja, watu wakiwa shambani na baharini, mnazi uliopinda shingo ulikatwa. Hakuna aliyefanya hila. Mnazi ulikuwa mzee, uliinamia mahali palipochorwa kuwa paa, na hakuna mtu ofisini aliyejua kwamba ulikuwa umeshika ncha ya mstari unaofika hadi mlango wa bahari. Ungeandikwa katika ramani gani? Mzee alipata habari jioni barazani. Aliuliza mara mbili ni mnazi upi. Kisha akanyamaza, na wenzake waliodhani atalaumu walishangaa kumsikia akisema, "Kosa ni langu. Nilikaa nao peke yangu."

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya maji mafu. Waliondoka alfajiri, upepo ukiwa haujaamka, kijana akipiga kafi na mzee amekaa mbele na kikapu miguuni. Jua lilipochomoza upande wa bahari na kuimulika nchi kavu, kijana aliitafuta rasi ya kusini mpaka ncha yake ikaachana kidogo na mti ulio nyuma. Alama ya kwanza wakaipata. Walikuwa na njia. Hawakuwa na mahali.

Msomaji asiyejua bahari hiyo huenda akauliza kwa nini wasichungulie tu chini, maji yakiwa mafupi na safi. Lakini kutoka juu, asubuhi, jiwe na bonde la nyasi vyote huonekana vyeusi, na pale mlangoni weusi huo ni mwingi kama viraka vya kanzu ya maskini. Mzee akautoa mshipi, akaufunga chubwi bila ndoana, akauteremsha.

"Piga polepole," alisema. "Fuata rasi, usiiache."

Wakaenda hivyo, chubwi likipanda na kushuka. "Mchanga," alisema mzee. Baadaye kidogo, "Nyasi." Kisha mchanga tena. Baada ya muda akautoa mpira kidoleni, akamvika mjukuu wake, akampa mshipi na kulishika kafi yeye mwenyewe. Kijana hakusikia kitu. Alisema mchanga palipokuwa na nyasi na nyasi palipokuwa na mchanga, na mzee aliyejua kwa namna uzi ulivyokatika majini alimwachia akosee. Jua lilikuwa limepanda kiasi cha mikono miwili wakati chubwi lilipogonga na kuruka, na kijana akautoa mkono nyuma kama aliyeguswa.

"Jiwe, babu."

"Jiwe lipo. Ndilo?"

Hilo halikuwa swali la kujibiwa kwa chubwi. Walitia nanga mchangani, wakalegeza kamba, wakafunga ndoana na ngisi. Wa kwanza alikuwa janja mdogo, akarudishwa. Wa pili alikuwa tembo wa kutosha, akawekwa. Mawe mengine nayo yana janja na tembo. Kisha kwa muda mrefu hapakuwa na kitu, hata wadogo waliacha kudokoa, na mzee akainua kichwa.

Mshipi ukaondoka. Haukudokolewa, uliondoka. Kijana alisimama nusu, mzee akamgusa bega akaketi.

"Mpe."

Uzi ukapita juu ya mpira ukilia.

"Mkataze. Taratibu. Mpe tena."

Samaki aligeuka, akashuka, akageuka upande mwingine, na hapo mshipi ukasimama, mzito, ukitetemeka kwa mtetemo mdogo kama sauti ya nyuki ndani ya ukuta.

"Ameingia shimoni," kijana alisema, karibu na kulia.

"Mlegezee. Ukimlegezea huenda akatoka mwenyewe. Kaingia upande gani?"

"Kushoto, babu. Chini, halafu kushoto. Uzi unasugua kitu."

"Unasugua kitu kimoja au viwili?"

Kijana alifumba macho. "Viwili. Kimoja cha juu, kingine ndani zaidi."

Mzee alinyoosha mkono, akaweka kidole chake juu ya mshipi, mbele ya kidole cha mjukuu wake. Alikaa hivyo kwa muda wa pumzi tatu au nne. Uzi ukakatika. Ulirudi juu ya maji mwepesi, ncha yake imechakaa kama uzi wa shuka kuukuu. Kijana aliinamisha kichwa, akingoja lawama. Aliposikia kicheko alidhani amesikia vibaya.

"Huyo au babu yake amenikatia mishipi kumi na mmoja," mzee alisema, "na yote hapo hapo, chini halafu kushoto, kwenye kingo mbili. Ndilo lenyewe. Sasa tazama nchi kavu kabla upepo hujatusogeza, uniambie unaona nini."

Kijana alitazama magharibi. Mnara wa msikiti ulikuwapo, na juu yake palikuwa na anga tupu ulipokuwa mnazi. Akatazama kulia na kushoto. Hatimaye alisema kwamba tangi la maji la hoteli, lile jeusi lililowekwa juu ya nguzo, lilikuwa limesimama mbele ya mnara wa simu, na mnara wa simu ulishika ukingo wa kulia wa tangi, sawasawa, pasi na uwazi.

"Ukingo wa kulia?"

"Wa kulia, babu."

"Rudia."

Akarudia. Akatoa simu yake na kusema kwamba simu nayo ingeweza kuliweka mahali hapo, na asingehitaji tangi wala mnara. Mzee alimwambia aliweke, ni vyema. Kisha akamwambia arudie tena kwa mdomo: rasi na mti, tangi na mnara. Walivua mpaka maji yalipojaa. Kila alipobadilisha chambo mzee aliuliza, na kila alipouliza kijana alijibu, mpaka maneno yale yakapata mdundo wake, kama mtoto asomaye juzuu chuoni.

Adhuhuri walirudi na mtungo wa samaki wanane, saba tembo na mmoja changu. Dikoni mnadi aliuinua mtungo, na wachuuzi wakausogelea, kwa sababu samaki wa mshipi huwa mzima, hakupondwa wavuni, na magamba yake yote yako mahali pake. Samaki watano waliuzwa kwa bei nzuri kuliko iliyotarajiwa, na watatu wakabaki kuwa kitoweo. Baba wa kijana alikuwapo, akiwasaidia wenzake kukung'uta nyavu. Juya siku hiyo lilileta vingi, vingi vyao vidogo.

Mchuuzi mmoja alimwuliza kijana walikovua.

Kijana alimtazama babu yake, ambaye hakuweza kumwona lakini alikuwa amegeuzia sikio upande huo. "Huko huko, mjomba," alijibu. "Baharini."

Watu walicheka. Baba yake ndiye aliyecheka mwisho na kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa jibu hilo alilijua. Alipokuwa na umri kama ule aliwahi kumwuliza baba yake mahali jiwe lilipo, akapewa maneno hayo hayo, akakasirika, na hakuuliza tena. Aliuacha wavu, akainama, akakiokota kikapu cha ukili miguuni pa mzee, akakishika mkononi mpaka nyumbani, huku akimsikia mwanawe, hatua mbili mbele, akinong'ona kitu kuhusu rasi na mti, tangi na mnara.